Hisani na Haki: Nafasi ya Magazeti katika Demokrasia na Masharti ya Uhuru Wake, Mfano wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kazi ya gazeti katika mfumo wa kidemokrasia na masharti yanayolifanya gazeti liweze kuitekeleza kazi hiyo bila woga. Mfano uliochaguliwa ni Tanzania, kuanzia kesi ya Sauti ya TANU ya mwaka 1958 hadi miaka iliyofuata marekebisho ya sheria ya mwaka 2023. Hoja inayojengwa ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, uhuru wa magazeti umekuwapo kama hisani, yaani jambo linalotolewa na mwenye mamlaka na linaloweza kurudishwa naye, na si kama haki yenye ulinzi wake yenyewe. Makala yanaonesha kwamba ulinzi huo hauna budi kupatikana katika maeneo matatu kwa pamoja: sheria, mfuko wa gazeti, na nafasi ya mhariri na mwandishi ndani ya chumba cha habari.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uhuru wa magazeti nchini Tanzania mara nyingi huanza na swali la idadi. Husemwa kwamba kabla ya mwaka 1992 magazeti yalikuwa machache na mengi yake yakimilikiwa na serikali au chama, na kwamba baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi magazeti yaliongezeka hata meza za wauza magazeti zikajaa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Wingi wa magazeti huonesha kwamba watu wengi wameruhusiwa kuchapisha. Hauoneshi kama aliyechapisha jana jambo lililomuudhi mkubwa ataruhusiwa kuchapisha tena kesho.

Swali hilo la kesho ndilo kipimo kinachotumika katika makala haya. Gazeti huru si lile linaloikosoa serikali kila siku, wala si lile linalomilikiwa na mtu binafsi. Gazeti la serikali laweza kuwa na mhariri jasiri, na gazeti la mfanyabiashara laweza kuwa kipaza sauti cha mwenye nalo. Gazeti huru ni lile ambalo uamuzi wa nini kichapishwe hufanywa na wahariri wake kwa vigezo vya kitaaluma, na ambalo uamuzi huo hauliondolei uhai wake.

2.0 Kazi ya gazeti katika demokrasia

Demokrasia huwapa wananchi mamlaka ya kuchagua na kuondoa viongozi. Mamlaka hayo hayana maana ikiwa mpiga kura hajui kiongozi amefanya nini kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Hapo ndipo gazeti linapopata kazi yake ya kwanza, nayo ni kutoa taarifa. Kazi ya pili ni kuchunguza mambo ambayo wenye mamlaka wasingependa yajulikane. Ya tatu ni kutoa uwanja wa hoja zinazopingana, ili mkulima wa Mbozi na mchuuzi wa Kariakoo wasome maoni ya watu wasiokubaliana nao. Ya nne ni kuweka kumbukumbu: ahadi iliyochapishwa ni vigumu kukanushwa miaka mitano baadaye.

Kazi hizi hutegemeana na taasisi nyingine. Sakata la mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, uliotiwa saini mwaka 2006, ni mfano mzuri. Magazeti yaliuliza maswali kuhusu uwezo wa kampuni hiyo, Bunge likaunda Kamati Teule, kamati ikawasilisha ripoti yake, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Gazeti halikuwa na uwezo wa kumwita shahidi wala wa kudai nyaraka chini ya kiapo. Bunge lilikuwa nao. Lakini Bunge lisingesukumwa kuchukua hatua kama suala lenyewe lisingebaki midomoni mwa wananchi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya gazeti ni kuuonesha ufa. Kuuziba ni kazi ya wengine.

Ikumbukwe pia kwamba athari ya gazeti la Kiswahili huzidi idadi ya nakala zinazouzwa. Nakala moja husomwa na watu kadhaa kijiweni, vichwa vya habari husomwa na wapita njia wasionunua, na kila asubuhi vituo vya redio na televisheni huyapitia magazeti kwa ajili ya wasikilizaji ambao huenda hawajayashika mkononi. Kwa sababu hiyo, gazeti linapofungiwa, wanaopoteza si wanunuzi wake peke yao. Mazungumzo ya siku nzima hupungukiwa na chanzo kimoja.

3.0 Uhuru wa hisani: kutoka Sauti ya TANU hadi The Standard

Mwaka 1958 Julius Nyerere, aliyekuwa rais wa TANU na mhariri wa jarida la chama hicho, Sauti ya TANU, alishtakiwa mahakamani kwa kosa la kashfa. Makala aliyoyachapisha yaliwatuhumu maofisa wawili wa utawala wa kikoloni kwa namna walivyotumia madaraka yao. Alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa. Kwa tukio hilo, kiongozi wa baadaye wa nchi alionja mwenyewe namna sheria ya kashfa, ikiwa ni kosa la jinai, inavyoweza kumlinda ofisa dhidi ya mwandishi.

Ingetarajiwa kwamba uhuru wa mwaka 1961 ungeziondoa sheria za namna hiyo. Haikuwa hivyo. Serikali changa ilikuwa na hofu zake, na baadhi ya hofu hizo zilikuwa na msingi: maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, vita vya ukombozi katika nchi jirani, na magazeti makubwa ya Kiingereza kubaki mikononi mwa makampuni ya kigeni. Uchochezi na kashfa viliendelea kuwa makosa ya jinai, na mwaka 1968 sheria ilirekebishwa ili kumpa Rais uwezo wa kuzuia gazeti kuchapishwa. Silaha ya mkoloni ilibadili mikono, haikutupwa.

Jaribio la kuvutia zaidi la kipindi hicho lilikuwa lile la gazeti la The Standard. Gazeti hilo lilianzishwa mwaka 1930, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa chini ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Februari 1970 lilitaifishwa. Mhariri aliyeteuliwa alikuwa Frene Ginwala, mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini. Mwongozo uliotolewa na Rais Nyerere ulieleza kwamba gazeti lingekuwa la kijamaa na lingeunga mkono misingi ya nchi, lakini lingekuwa huru kukosoa makosa ya kiongozi yeyote na upungufu katika utekelezaji wa siasa ya serikali na chama. Mwongozo huo haukuwa wa unafiki. Kwa nyakati zile, serikali chache barani Afrika zilikuwa zimekubali kwa maandishi kukosolewa na gazeti zinalolimiliki zenyewe.

Hata hivyo, mwongozo haukueleza nani angeamua pale mhariri na serikali watakapotofautiana. Jibu lilipatikana mwaka 1971. Baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa nchini Sudan mwezi Julai, serikali ya Jaafar Nimeiri iliwanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti. The Standard lilichapisha tahariri ya kulaani mauaji hayo. Mhariri aliondolewa kazini. Mwaka uliofuata The Standard liliunganishwa na gazeti la chama, The Nationalist, na kuzaliwa Daily News. Ginwala alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, kuanzia mwaka 1994 hadi 2004.

Kisa hiki kina funzo linalozidi watu waliohusika. Aliyetoa mwongozo hakuwa dikteta, na aliyeondolewa hakuwa adui wa nchi. Wote wawili waliamini katika ujamaa na ukombozi wa Afrika. Lakini uhuru wa gazeti ulisimama juu ya nia njema ya mtu mmoja, na nia njema ilipokutana na haja za diplomasia, hapakuwa na chombo chochote cha kumlinda mhariri: si bodi yenye mamlaka yake, si mkataba wa kazi unaotaja sababu za kumwondoa, si mahakama ya kukimbilia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akiihitaji, huichukua.

4.0 Sheria na mkono wa waziri

Hali iliyokuwa ya kiutawala iliimarishwa kisheria na Sheria ya Magazeti Na. 3 ya mwaka 1976. Kifungu cha 25 kilimpa waziri mwenye dhamana ya habari uwezo wa kulifungia gazeti ikiwa, kwa maoni yake, kufanya hivyo ni kwa masilahi ya umma au ya amani na utulivu. Uzito wa kifungu hicho umo katika maneno "kwa maoni yake". Waziri hakutakiwa kuthibitisha jambo lolote mbele ya hakimu kabla ya kutoa amri. Alikuwa mlalamikaji, shahidi na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, iliorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilibana haki za wananchi. Sheria ya Magazeti ilikuwa miongoni mwazo. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, magazeti binafsi yakaongezeka, lakini sheria yenyewe ikabaki hadi mwaka 2016. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, wingi wa magazeti uliishi chini ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya chama kimoja. Hata Katiba haikutoa kinga ya kutosha. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, lakini haivitaji vyombo vya habari kama taasisi inayohitaji ulinzi wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 34, inafanya hivyo na kuikataza dola kuingilia kazi ya wahariri au kumwadhibu mtu kwa sababu ya maudhui aliyoyatoa.

Namna kifungu cha 25 kilivyofanya kazi yaonekana vizuri katika tukio la Septemba 2013. Gazeti la Mwananchi lilifungiwa kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Miongoni mwa habari zilizoiponza Mwananchi ni ile iliyoeleza viwango vipya vya mishahara ya watumishi wa serikali, waraka ambao serikali iliuhesabu kuwa siri. Habari hiyo haikudaiwa kuwa ya uongo. Tatizo lilikuwa kuchapishwa kwake. Mishahara hiyo ilikuwa ikilipwa kwa kodi za wasomaji wale wale. Wasomaji walizuiwa kulisoma gazeti kwa wiki mbili kwa sababu lilikuwa limewaambia fedha yao inatumikaje.

Kisa cha gazeti la kila wiki la Mseto kinaeleza upande wa pili, yaani ugumu wa kupata nafuu. Agosti 2016 gazeti hilo lilifungiwa kwa miezi 36, baada ya kuchapisha habari iliyomhusisha naibu waziri na tuhuma za rushwa. Mhariri wake alikwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Juni 2018 mahakama hiyo iliamua kwamba amri ya waziri ilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hususan misingi ya utawala bora, demokrasia na uwajibikaji iliyomo katika Ibara ya 6(d) na 7(2), ikaagiza gazeti liruhusiwe kuendelea. Hata hivyo, Mseto lilikuwa bado miongoni mwa magazeti manne yaliyorudishiwa leseni Februari 2022, pamoja na MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima, kwa uamuzi wa waziri mpya mwenye dhamana ya habari.

Mfuatano huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Haki ilitamkwa mahakamani mwaka 2018, lakini lango lilifunguliwa mwaka 2022 na ofisi ile ile iliyokuwa imelifunga. Wadau wa habari walilipokea tukio hilo kwa furaha, na walikuwa na sababu ya kufurahi. Lakini kwa kipimo cha makala haya, kilichotolewa siku ile kilikuwa hisani. Sheria iliyowezesha leseni kufutwa ilibaki katika vitabu.

Sheria hiyo ni Sheria ya Huduma za Habari Na. 12 ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1976. Ilileta utaratibu wa leseni kwa magazeti, ambayo awali yalisajiliwa mara moja tu. Leseni inayohuishwa kila mwaka hubadili uhusiano wa gazeti na serikali. Gazeti lililosajiliwa huendelea kuishi mpaka litakapochukuliwa hatua. Gazeti lenye leseni hufa lenyewe mwaka unapokwisha, isipokuwa likiruhusiwa kuendelea. Mhariri mwenye busara atayakumbuka hayo kila anapopanga ukurasa wa kwanza, hata kama hajapigiwa simu na mtu yeyote. Woga wa namna hiyo hauachi ushahidi wowote, kwa kuwa habari isiyoandikwa haina nakala ya kupeleka mahakamani.

Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania waliipinga sheria hiyo Arusha. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa, vikiwamo vya kashfa kama kosa la jinai, habari za uongo, uchochezi na ithibati ya waandishi, vinakiuka Mkataba. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo: kashfa ikaondolewa katika orodha ya makosa ya jinai na baadhi ya adhabu zikapunguzwa. Ilikuwa imepita miaka 65 tangu Nyerere alipolipa faini yake. Marekebisho hayo ni hatua ya kweli. Lakini hayakugusa utaratibu wa leseni, na kwa vyombo vinavyochapisha mtandaoni kuna lango la pili: Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, kufuatia katuni ya video iliyogusia watu waliotekwa na kupotea.

5.0 Mfuko wa gazeti: mmiliki, mtangazaji na mwandishi wa wilayani

Sheria hufunga gazeti kwa kishindo. Fedha hulifunga kimya kimya. Desemba 2020 kampuni ya New Habari, iliyochapisha Mtanzania, Rai, Dimba na Bingwa, ilisitisha uchapishaji kwa sababu za kiuchumi. Mtanzania lilikuwa limestahimili siku 90 za kufungiwa mwaka 2013; halikustahimili hesabu za karatasi, mtambo na mishahara. Hapakuwa na waziri wa kushtakiwa.

Gazeti huishi kwa vyanzo viwili vya mapato: mauzo ya nakala na matangazo. Mauzo peke yake ni nadra kulipia gharama, hasa baada ya wasomaji wengi kuhamia katika simu za mkononi. Kwa hiyo matangazo ndiyo huamua uhai wa gazeti, na mtangazaji mkubwa ni serikali pamoja na taasisi zake: zabuni, nafasi za kazi, minada, taarifa kwa umma. Sheria ya mwaka 2016 iliipa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo hayo, kifungu kilichoondolewa mwaka 2023. Hoja ya wadau dhidi ya kifungu hicho ilikuwa nyepesi kueleweka. Tangazo la zabuni hulipiwa na umma ili limfikie kila mzabuni. Likigeuzwa kuwa zawadi kwa gazeti tiifu, umma unalipia ukimya. Kwa kukosekana utaratibu ulio wazi unaogawa matangazo kwa kufuata usomaji na bei, hatari hiyo inaweza kuendelea hata bila kifungu.

Mtangazaji binafsi naye si malaika. Benki, kampuni ya simu au kiwanda cha vinywaji kinachonunua kurasa kila wiki kinaweza kuiondoa bajeti yake baada ya habari moja kuhusu malalamiko ya wateja. Ndiyo maana uhuru wa gazeti hauongezeki kwa kulitoa tu mkononi mwa serikali na kulitia mkononi mwa soko. Unaongezeka pale mapato yanapotoka katika mikono mingi kiasi kwamba hakuna mkono mmoja unaoweza kulinyonga, na msomaji anayelipia nakala yake ni mmoja wa mikono hiyo.

Upande wa umiliki, tukio la Agosti 2021 lilionesha kwamba hata ukaribu na mamlaka si kinga. Gazeti la Uhuru, mali ya Chama Cha Mapinduzi, lilichapisha habari iliyodai kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025. Chama chenyewe kilisimamisha uchapishaji wake kwa siku saba na kuwasimamisha kazi viongozi wa kampuni, kisha serikali ikaisimamisha leseni yake kwa siku 14. Kama habari hiyo haikuwa sahihi, tiba ya kitaaluma ilijulikana: kusahihisha, kuomba radhi, na kumhoji mhariri kwa taratibu za kazi. Badala yake gazeti zima lilinyamazishwa mara mbili, na mmiliki pamoja na dola. Gazeti lililozoea kutumikia halipati mtetezi siku linapokosea.

Aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo huu ni mwandishi wa kujitegemea aliyeko wilayani. Wengi wao hawana mkataba wa ajira, hulipwa kwa habari iliyochapishwa, hujigharamia nauli na simu, na huishi jirani na maofisa wanaowaandika. Katika hali hiyo, bahasha ya "nauli" inayotolewa mwishoni mwa mkutano si jambo dogo. Mwandishi anayeipokea huenda hajioni kuwa amehongwa, lakini habari ya siku hiyo huandikwa na mtoa bahasha. Anayeikataa hubaki na njaa au, pabaya zaidi, peke yake. Novemba 2017 mwandishi wa kujitegemea aliyeripotia Mwananchi mauaji ya Kibiti na Rufiji alitoweka. Tukio hilo linakumbusha kwamba mijadala ya uhuru wa magazeti inayofanyika katika kumbi za Dar es Salaam na Dodoma ina mwisho wake huko kwenye barabara za vumbi, ambako mwandishi hana mwanasheria wala bima.

6.0 Uhuru na wajibu

Watetezi wa udhibiti huwa na hoja moja nzito: kwamba gazeti lisilodhibitiwa laweza kuichoma nchi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Rwanda, ambako gazeti la Kangura lilieneza chuki dhidi ya Watutsi kuanzia mwaka 1990. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Mhariri wa gazeti hilo, Hassan Ngeze, alihukumiwa mjini Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mwaka 2003, na rufaa yake ikaamuliwa mwaka 2007 kwa kifungo cha miaka 35.

Hata hivyo, mfano huo ukichunguzwa vizuri hauungi mkono uwezo wa waziri kufungia magazeti. Kwanza, Kangura halikuwa gazeti lililoponyoka mikononi mwa wenye nguvu. Lilikuwa likipata nguvu kutoka kwa kundi lenye msimamo mkali lililokuwa karibu na utawala. Waziri mwenye kalamu ya kufungia asingelifungia. Pili, aliyeadhibiwa aliadhibiwa na mahakama, baada ya mashtaka yaliyo wazi, ushahidi, utetezi na rufaa. Huo ndio mpaka ambao makala haya yanausisitiza. Demokrasia haimkatazi mtu kuwajibishwa kwa alichokichapisha. Inakataa awajibishwe kwa maoni ya mhusika mwenyewe.

Wajibu wa magazeti una njia nyingine zisizohitaji jela wala kufuli. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa na wadau wenyewe mwaka 1995, hupokea malalamiko ya watu walioumizwa na habari na kuyasuluhisha kupitia kamati yake ya maadili. Mlalamikaji huweza kupata masahihisho au kuombwa radhi bila kungoja miaka ya kesi. Nguvu ya chombo cha namna hiyo hutokana na utii wa hiari, na utii huo hudhoofika magazeti yenyewe yanapopuuza uamuzi wake, yanapochapisha tuhuma bila kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu, au yanapoandika masahihisho kwa herufi ndogo katika ukurasa wa ndani ilhali kosa lilipambwa ukurasa wa kwanza. Kila uzembe wa namna hiyo humpa mdhibiti sababu ambayo asingeipata.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonesha mwelekeo unaojirudia. Mwaka 1970 Rais alitoa uhuru kwa mwongozo, ukaondoka ndani ya miaka miwili. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliruhusu magazeti mengi, sheria ya mwaka 1976 ikaendelea kuyafungia. Mwaka 2022 leseni zilirudishwa, utaratibu wa leseni ukabaki. Katika kila hatua nafuu iliyopatikana ilikuwa ya kweli kwa waliokuwapo, na katika kila hatua ilitegemea nani yuko ofisini.

Ili nafuu hiyo igeuke kuwa haki, mambo machache yanahitajika, na yote yanajulikana. Amri ya kulisimamisha gazeti itolewe na mahakama baada ya kusikiliza pande zote. Gazeti lisajiliwe bila kuomba uhai upya kila mwaka. Matangazo ya umma yagawanywe kwa vigezo vilivyotangazwa na vinavyokaguliwa. Mikataba ya wahariri itaje sababu za kuwaondoa, ili mmiliki, awe serikali, chama au mfanyabiashara, asiweze kufanya kwa barua moja kile kilichofanyika mwaka 1971. Waandishi wa wilayani walipwe kiasi cha kuwawezesha kuikataa bahasha.

Hakuna kati ya hayo linalohakikisha magazeti mazuri. Gazeti lenye uhuru wote huo laweza bado kuwa la hovyo, na msomaji atabaki na hiari ya kutolinunua. Lakini bila hayo hata gazeti zuri huishi kwa ruhusa, na mwananchi anayelisoma hawezi kujua kama ukimya wa ukurasa wa kwanza unatokana na kutokuwapo kwa habari au na mhariri aliyeihesabu gharama ya kesho.